Kitabu cha kudarizi: ukachape steshenari, kiwandani, uuze PDF au uweke Amazon?

Wadada wengi ninaowafundisha kudarizi wakishaiva wananiuliza swali moja, dada mi nimeshaandika masomo yangu, picha nimepiga, michoro ya maua ninayo daftari zima, sasa kitabu nikakitolee wapi? Na kila mtu anakuwa ameshasikia lake, mmoja kaambiwa nenda kiwandani utoe nakala elfu ndo bei inashuka, mwingine kaambiwa siku hizi watu hawanunui karatasi uza PDF tu, mwingine kasikia Amazon wanachapa bure. Yote hayo yana ukweli ndani yake ila hakuna linalomfaa kila mtu, kwa hiyo hapa nitaziweka njia zote nne pembeni ya nyingine, nikwambie na mimi nimeegemea wapi.

Kwanza nataka ufikirie kitu kimoja kabla hata ya hela. Kitabu chako mtu atakifungulia wapi? Hadithi mtu anaishika kwa mikono miwili anasoma kitandani. Kitabu cha kudarizi ni tofauti kabisa, mkono wa kushoto umeshika fremu na kitambaa kimekazwa, wa kulia una sindano, kitabu kiko kwenye mkeka au kiko juu ya stuli na feni inapuliza. Kikijifunga chenyewe hapo katikati ya ua, mwanafunzi anaacha sindano, anatafuta ukurasa, anarudi kahesabu vibaya. Mimi hili naliweka mbele ya bei, mbele ya jalada zuri, mbele ya kila kitu, na utaona linavyobadilisha uchaguzi huko chini.

Tuanze na steshenari, maana ndo wengi wanaidharau. Hapa naongelea yale maduka yenye printa kubwa ya leza, unapeleka faili kwenye flashi, wanakutolea A4, wanaweka jalada gumu la plastiki na wanabaindi kwa spairo, ile plastiki ya kujizungusha mgongoni. Uzuri wa kwanza ni huo nilioanza nao, spairo inalala flati kabisa na unaweza hata kuukunja ukurasa nyuma ukabaki na upande mmoja tu mbele yako. Uzuri wa pili ni kwamba bei ya nakala moja haibadiliki sana, utoe 1 au utoe 40 unalipa kwa ukurasa, kwa hiyo huhitaji mtaji. Ukiona kosa ukurasa wa 17 leo jioni, kesho asubuhi unarekebisha na nakala zinazofuata zinatoka safi. Hii kwa kitabu cha mafunzo ni kubwa mno jamani, kwa sababu makosa ya kitabu cha kudarizi huyaoni wewe uliyeandika, yanaonwa na mwanafunzi wa tano akiwa nyumbani kwake peke yake.

Ubaya wake ni rangi. Ukurasa wa rangi steshenari unakula hela mara kadhaa ya ukurasa mweusi, kitabu cha kurasa 80 zote za rangi utakuta gharama imefika pale ambapo mwanafunzi hawezi kulipa. Dawa yake ni kupanga kitabu vizuri, hatua zote za mishono uzichore kwa mistari myeusi, halafu picha za rangi za kazi zilizokamilika uzikusanye pamoja kwenye kurasa kama 8 za katikati. Hapo unalipia rangi kurasa 8 tu. Ubaya wa pili ni kwamba kitabu cha spairo hakina mgongo, ukikipanga kwenye shelfu ya duka la vitabu hakionekani jina, kwa hiyo wenye maduka wengi hawakitaki. Lakini kama wateja wako ni wanafunzi wako na watu wa vikoba na mtu anayekupigia simu umtumie mzigo kwa basi, duka la vitabu la nini?

Sasa kiwandani. Uchapaji wa ofseti, ule wa mashine kubwa za kiwandani, unatumia pleti (bamba lenye picha ya kurasa), na kwa kazi ya rangi ni pleti 4, ya samawati, ya waridi, ya njano na nyeusi, kwa kila upande wa karatasi kubwa inayoingia mashineni. Hizo pleti na kuseti mashine unalipia uchape nakala 50 uchape 2,000, ndo maana bei inashuka ukitoa nyingi. Ngoja nipige hesabu ya mfano tu uone inavyokwenda (hii sio bei ya kiwanda chochote). Tuseme maandalizi yote ni shilingi 1,000,000 na karatasi na wino ni 4,000 kwa kitabu. Ukitoa 100, kila kimoja kimekugharimu 14,000. Ukitoa 1,000, kila kimoja ni 5,000. Mtu akiona hiyo 5,000 anapagawa, anasema natoa elfu, lakini milioni 5 imeshatoka mfukoni siku hiyo hiyo na vitabu viko kwenye maboksi sebuleni, na kama ukurasa wa 17 una kosa, basi lipo mara elfu moja.

Kurasa nazo kiwandani zinahesabiwa kwa mafungu, karatasi moja kubwa ikikunjwa inatoa kurasa 16 mara nyingi, kwa hiyo kitabu cha kurasa 80 au 96 kinaingia vizuri ila cha 83 unalipia karatasi inayokatwa kutupwa. Uliza hili mapema, ujaze kurasa zilizobaki na michoro ya ziada.

Halafu kuna kubaindi. Viwandani ukisema kitabu wanakuelewa kitabu cha gundi mgongoni, na kile ndo kile kinachojifunga. Ukiwa na kitabu chembamba, tuseme mpaka kurasa 64 hivi, omba cha pini katikati, kinafunguka vizuri zaidi ila kurasa lazima zigawanyike kwa 4. Kama ni kinene omba waya wa ringi, vipo viwanda vinafanya, inaongeza gharama lakini iombe.

Hapa nieleze yaliyonipata mimi maana yanauma mpaka leo. Kitabu changu cha kwanza nilikitoa kiwandani, nakala 300, cha gundi. Michoro yangu yote niliichora kwenye A4, saizi kamili, ili mtu aweke kaboni chini yake atoe moja kwa moja kwenye foronya. Kiwanda wakaona kitabu kizuri kiwe B5, saizi ndogo kuliko A4, wakapunguza kurasa zote bila kuniambia, prufu (ile nakala ya kukagua kabla ya kuchapa) wakanitumia kwenye simu na kwenye simu kila kitu kinaonekana sawa tu, mi nikajibu endeleeni. Ua langu la waridi la sentimita 12 likatoka sentimita 10, na maelezo yanasema pima sentimita 12 kutoka kwenye pindo. Watu wakanipigia, dada mbona ua haligusi mstari? Na ukitaka kuweka kaboni, kitabu cha gundi hakilali, inabidi ukibonyeze mpaka mgongo unapasuka na kurasa zinaanza kutoka. Nilikaa nikachapa michoro ile upya steshenari nikaigawa bure kwa kila aliyenunua. Ndo hapo nilipojifunza kwamba kila ukurasa wa mchoro unatakiwa uwe na mraba mdogo wa sentimita 5 kwa 5 pembeni na maneno "pima hapa kwanza", mtu akiweka rula ikasoma 4 na kitu anajua mchoro umepunguzwa. Prufu nayo idai ya karatasi, uishike, uipime.

Na rangi usiziamini za kwenye skrini. Skrini inatoa mwanga, karatasi inatumia wino, ile nyekundu kali ya uzi na ile bluu ya kung'aa kwenye karatasi zinapoa. Kwenye kitabu cha kudarizi andika namba ya rangi ya uzi kutoka kwenye lebo yake, kama ni DMC (kampuni ya nyuzi za kudarizi) andika DMC na namba, ili mtu asichague uzi kwa kuangalia picha.

PDF, kwa upande wake, haina gharama ya kuchapa hata senti, rangi bure, picha kubwa kadiri unavyotaka, mtu akitaka kuona sindano imeingilia wapi anavuta kwa vidole viwili. Mteja yuko Mbeya, Bujumbura au Doha anakipata dakika hiyo hiyo. Malipo kwa hapa kwetu lipa namba, ukishaona meseji unamtumia. Angalizo, WhatsApp ukituma kitu kama picha inakibana na mistari inakuwa ukungu, tuma kama dokumenti siku zote, faili kubwa linapita maana wanaruhusu mpaka GB 2, ingawa we usimtumie mtu faili la MB 200 amalize bando kwa ajili yako, libane mwenyewe kwa akili, picha za skrini hazihitaji uzito wa picha za kiwandani.

Shida za PDF ziko mbili. Moja ni kusambazwa, mmoja ananunua kundi zima linasoma, hilo lipo na huwezi kulizuia lote. Ninachofanya ni kuweka jina la mnunuzi na namba yake ya simu chini ya kila ukurasa, inachukua dakika chache, na mtu anaona aibu kutuma kitu chenye namba yake. Ya pili watu wanaisahau, ni michoro kuchapwa. Mteja anapeleka PDF steshenari, kijana pale anabonyeza ile chaguo ya kubana ukurasa uenee kwenye karatasi, mchoro unapungua kidogo kidogo na tumerudi kwenye ua langu la sentimita 10. Kwa hiyo mraba wa sentimita 5 hapa ni lazima kuliko popote, na andika kabisa mwanzoni mwa kitabu "mwambie achape asilimia 100, asibane". Kama una muda tengeneza mafaili mawili, moja la kusoma kwenye simu, safu moja na herufi kubwa, lingine la michoro peke yake A4 la kupeleka kuchapa. Ukimpa mtu A4 yenye safu mbili asome kwenye simu atachoka ukurasa wa tatu.

Ila nikwambie ukweli, mama wa miaka 55 anayedarizi mashuka ya harusi ya binti yake hataki PDF. Anataka kitabu. Jua wateja wako ni akina nani.

Amazon sasa. Wana huduma inaitwa KDP, unapandisha faili lako na jalada, mtu akinunua wao ndo wanachapa kimoja hicho hicho na kumtumia, wewe hulipii kitu mwanzoni, kwa hiyo wanaosema bure hawajadanganya. Lakini tuhesabu. Kitabu cha karatasi wanakupa asilimia 60 ya bei halafu wanatoa gharama ya kuchapa, na tangu Juni 2025 vitabu vya bei ya chini ya dola 9.99 ni asilimia 50. Kitabu cha rangi kukichapa ni ghali. Tuseme kimechapwa kwa dola 7 na wewe umeweka bei dola 15, asilimia 60 ni dola 9, toa 7, unabaki na 2. Halafu Tanzania na Kenya hazina mkataba wa kodi na Marekani, kwa hiyo mauzo ya kule yanakatwa asilimia 30 ya hiyo uliyobaki nayo, unashika dola 1.40. Na hela yenyewe inakuja kama siku 60 baada ya mwezi kuisha, kwa hiyo usiipangie ada ya mtoto.

Kitabu cha kielektroniki pale pale Amazon kina mtego wake kwa sisi wenye picha nyingi. Wanatangaza asilimia 70 kwa bei ya dola 2.99 mpaka 9.99, lakini katika mpango huo wanakukata senti 15 za dola kwa kila MB ya faili. Faili la MB 30 ni dola 4.50 imekwenda. Mwandishi wa riwaya hili halimsumbui, faili lake la maneno matupu huwa dogo, mwenye kitabu cha picha za mishono ndo linamla. Kuna mpango wa asilimia 35 usio na makato hayo, piga hesabu zote mbili kwanza.

Tena KDP hawana spairo. Wana jalada laini na jalada gumu, zote za mgongo, na ukitaka jina la kitabu liandikwe mgongoni lazima kiwe na kurasa zaidi ya 79. Ukitaka spairo kwa mtindo huo wa kuchapwa kimoja kimoja angalia Lulu, kampuni nyingine ya mtandaoni, wao spairo wanayo. Na kabla hujajichosha kupanga, angalia orodha ya lugha wanazopokea kwa aina ya kitabu unachotaka, sio kila lugha ipo. Mimi naona Amazon inafaa kama umeandika Kiingereza, au kama una watu wako wengi Uingereza na Marekani ambao kumtumia mmoja kitabu kwa posta kunazidi bei ya kitabu. Kuagiza nakala zako kule uje uziuze hapa, usafiri na ushuru vinakula faida yote.

Kwenye picha na michoro nitakaa kidogo maana njia yoyote utakayochagua hapa ndo kitabu kinapona au kinakufa. Picha inaonyesha uzuri wa kazi, mchoro wa mistari unaonyesha njia ya sindano. Watu wanapiga picha 12 za mshono mmoja na bado mwanafunzi haoni uzi umepita juu au chini, wakati michoro 3 yenye mshale na namba, sindano itokee 1, iingie 2, itokee 3, inamaliza kazi. Mshono wa mnyororo kwa mfano, hauwezi kuuelewa kwenye picha kama uzi na kitambaa vinafanana rangi. Ukipiga picha tumia uzi mnene wa rangi nzito kwenye kitambaa cheupe chenye nyuzi zinazoonekana, kaa karibu na dirisha asubuhi, zima flashi. Michoro chora kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe uskani kwa dpi 600 (nukta kwa inchi), picha zinatosha dpi 300 kwa saizi itakayochapwa. Ukiweza kompyuta, Inkscape, programu ya kuchora, ni bure na mistari yake haipotezi ukali ukiikuza. Canva, ile ya kupanga kurasa mtandaoni, ni rahisi kwa jalada na kwa kitabu kifupi, ila kitabu cha kurasa 90 chenye maelezo mengi kitakutesa, hata Word inavumilika zaidi ukijua kutumia staili za vichwa. Na usimsahau anayedarizi kwa mkono wa kushoto, geuza michoro ya mishono ya msingi kama kwenye kioo, uiweke kurasa 2 mwishoni, nimeona mtu akifurahi mpaka machozi kwa kurasa hizo mbili.

Michoro iwe yako. Kutoa ua la mtu kwenye intaneti ukalikopi kitabuni mwako sio haki hata kidogo na sheria ya hakimiliki inamlinda, mshono wenyewe hauna mwenyewe, ni wa wote, lakini mchoro na maelezo yana mwenyewe. Na vya kwako unaweza kuvisajili kwenye ofisi ya hakimiliki, Tanzania Bara ni COSOTA, Kenya ni KECOBO, Zanzibar COSOZA.

ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, kwa ufupi. Ukiuza mwenyewe kwa mkono huihitaji, ukitaka maduka na maktaba utaihitaji. Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Kenya ni KNLS, huduma ya maktaba ya taifa. Kila toleo lina namba yake, cha karatasi na cha PDF haviwezi kutumia moja. Ile ya bure ya Amazon inabaki Amazon, huwezi kwenda nayo kiwandani.

Sasa ukiniuliza mimi, mwenye mtaji mdogo na wanafunzi 20 au 50 asiende popote zaidi ya steshenari, spairo, nakala 30 za kwanza. Kabla ya hizo 30 atoe 3 tu, awape watu watatu ambao hawajawahi kushika sindano ya kudarizi, akae nao chumba kimoja asiseme neno, aangalie wanapokwama. Kila wanapoinua macho kumtazama, ukurasa huo haujakamilika. Zikiisha 30 atoe nyingine zimerekebishwa, na PDF aiuze pembeni kwa walio mbali. Kiwandani aende pale ambapo ameshauza kama 150 kwa spairo na simu za kulalamika zimeacha kuja, hapo michoro imeshapimwa na mikono ya watu na hata akitoa 500 analala usingizi. Mwenye shule ya ufundi au kikundi chenye oda ya uhakika mkononi, huyo anaweza kuruka moja kwa moja kiwandani, ila waya wa ringi au pini, na saizi ya karatasi iandikwe kwenye oda.

Na siku ya kuchukua mzigo, steshenari au kiwandani, nenda na rula kwenye pochi. Fungua kitabu chochote katikati ya boksi, sio kile cha juu walichokuchagulia, weka rula kwenye ule mraba, ikisoma 5 ndo umalizie hela iliyobaki.